Naandika daftari kila usiku, niendelee?

Mama Genge
Habari zenu ndugu zangu. Nina genge la mboga hapa Njombe. Tangu mwezi wa pili naandika kila usiku watoto wakishalala. Nilianza na hesabu tu, nani kakopa vitunguu, tenga la nyanya limeingia kwa bei gani. Baadaye nikajikuta naandika na mengine, hata nilivyomfokea mtoto asubuhi. Siku hizi kuna usiku naandika "leo hakuna jipya" nalala. Dada yangu anasema napoteza muda, na ipo siku mtu atayasoma. Mlioandika miaka mingi, mmepata nini?

Mpita Njia
Mimi niliacha. Nilikuwa naandika ugomvi wa nyumbani tu, nikisoma tena hasira inarudi mbichi.

Fundi wa Mbagala
Dada, usiache. Mimi ni fundi cherehani, naandika kwenye kaunta buku tangu 2016, sasa yapo saba.

Mzee wangu alifariki Tukuyu mwaka 2021. Baada ya msiba nikawa nalala na neno moja: sikumtunza. Niliamini kabisa kwamba mwaka wake wa mwisho sikukanyaga nyumbani, nilikuwa nakimbizana na sare za shule. Ndugu wakisimulia walivyomuuguza, nainamisha kichwa.

Arobaini ilishapita, siku hiyo nafungua daftari la mwaka ule natafuta deni la mteja. Nikakuta hivi:

"Jumamosi. Mvua tangu alfajiri. Mzee kanywa uji vikombe viwili. Kaniuliza kama Dar bado wanauza maji kwa mikokoteni. Nimemkata kucha, za miguu ngumu, nikaziloweka kwanza."

Safari nzima nilikuwa nimeisahau! Nikapekua, nikakuta na nyingine, ya siku nne. Nililia pale pale, mteja kasimama mlangoni na suruali yake mkononi. Majonzi yalikuwa yamenifutia safari mbili, yakaniachia lawama peke yake.

Na daftari halikunipamba. Mwezi wa tano mzee alipiga simu mara tatu sikupokea, nalo limo, kwa mwandiko wangu. Hilo linaniuma mpaka leo. Ila sasa naumia kwa nilichokosea kweli, siyo kwa kitu ambacho hakikutokea.

Mpita Njia, nakuelewa, na mimi zipo kurasa sizifungui. Labda wewe uliandika siku za moto tu. Zile za uji hukuziandika.

Dada, usiku wa "hakuna jipya" andika alichokula mtoto, nani kapita gengeni, mvua ilianza saa ngapi. Jumamosi ile niliiona ya kawaida, nusura nilale bila kuandika. Kuhusu kusomwa, langu linakaa chini ya vitambaa vya bitana. Mke wangu anajua lilipo, hajawahi kuligusa.

Mama Genge
Asante kaka, na pole sana kwa mzee. Mama yangu yupo, ana miaka sabini na kitu, nikirudi gengeni huwa ananisimulia mambo nami nasikiliza nusu nusu. Leo nimeandika: "Nyanya robo tenga zimepondeka. Mama kasema baridi ya mwaka huu imemkumbusha mwaka aliojifungua mimi. Mdogo kang'oka jino la mbele, kalitupa juu ya bati, limerudi chini mara mbili."