Manunuzi Unguja: Darajani, Gizenga, maduka ya Shangani au ufukweni?

Binti Kongwa (Dodoma)

Wakuu, habari za humu. Mwezi ujao mimi na mume wangu tunakwenda Unguja kupumzika. Tunashuka na treni ya SGR hadi Dar, halafu boti. Siku za mwanzo tutakaa Mji Mkongwe, kisha Paje. Nimetenga 400,000 ya manunuzi tu, na humo nataka kanga za mama mkwe na mawifi wawili, kofia ya baba mkwe, viungo, gauni langu moja la maana ambalo nitalivaa hata nikirudi, na kitu cha kutundika sebuleni.

Nikiuliza, kila mtu na lake. Huyu ananiambia Darajani tu, yule anasema vitu vizuri viko Gizenga, wengine wanasifia maduka ya Shangani yenye bei za kubandika. Jirani yangu kanishauri ninunue hukohuko ufukweni kwa Wamasai. Anayepajua anilinganishie. Jibu la "inategemea" silitaki jamani.

Mwana wa Mkunazini (Unguja)

Karibu kwetu bibie. Kabla hujalinganisha maduka, tazama kitu chenyewe kimetoka wapi. Vingi vinavyouzwa hapa kwa jina la Zanzibar vimevuka maji kama utakavyovuka wewe. Picha za Tingatinga zilianzia Dar, kwa Edward Saidi Tingatinga pale Oysterbay mwaka 1968. Vinyago ni vya Wamakonde wa Mtwara na Msumbiji, na soko lao kubwa liko Mwenge, Dar. Shanga ni za Wamasai. Sasa wewe utoke Dodoma, upite Dar, upande boti, uje ulipe Gizenga kitu ulichokipita njiani?

Vilivyo vyetu ni kofia za kushona kwa mkono, mikoba na mikeka ya ukili, viungo, sabuni za mwani na masanduku ya njumu, yale yenye nakshi za shaba. Fedha yako itie huko.

Darajani: jengo la marikiti ni la 1904, na ndani ni samaki, nyama, kuku na matunda. Wageni huingia wakapiga picha wakatoka, kumbe wanavyovitaka viko nyuma na pembeni. Kanga ziko Mchangani, nguo na mabuibui Vikokotoni. Na sisi wenyewe tunanunua hapo. Bei mnasemezana, lakini haiwezi kuruka sana, maana duka la tatu kutoka hapo lina kanga ileile.

Gizenga, nyuma ya Ngome Kongwe, ni mtaa wa wageni. Bei ya kwanza inatajwa kwa kukutazama. Ukitoa salamu yako vizuri inashuka, ukianza kusemezana na mumeo kwa Kiingereza inapanda tena.

Shangani na barabara ya Kenyatta bei imebandikwa, kiyoyozi kinavuma, hakuna wa kukuvuta mkono. Maduka kama Memories of Zanzibar yako huko. Asiyependa kubishana anasalimika, ila utulivu huo nao umo kwenye bei.

Ufukweni nunua madafu.

Mzee wa Uhuru (Dar)

Kanga zote ziko Kariakoo, mtaa wa Uhuru. Okoa hela yako dada.

Binti Kongwa

Mzee wangu, tiketi nimeshakata 😂

Leso Mbili (Mombasa)

Mzee wa Uhuru hajakosea sana. Kanga, au leso kama tuitavyo huku, zikishapigwa chapa India au Dar huenda kila mahali: Kariakoo, Mchangani, na hapa kwetu Biashara Street. Usitarajie ya Unguja iwe ya kitambaa kingine. Tofauti ni kwamba Mchangani wamejaa wanawake wajuzi wa kuchagua, na muuzaji anakuwa na toleo jipya kabla halijachosha macho. Kaa pale nusu saa ukiwasikiliza wanavyokataa, utajifunza.

Wakikukunjulia doti, angalia pindo limekaa sawa pande zote nne au limekwenda upande. Shika kitambaa, usikikisie kwa macho. Kingine kimetiwa wanga hadi kinasimama chenyewe, kikifuliwa mara moja kinakuwa chandarua. Halafu soma jina kabla hujalipa, nakuomba. Ukimpelekea wifi "Hasidi hana sababu" kwa kuwa umependa rangi, utaeleza hadi Pasaka. Doti huuzwa haijakatwa wala kushonwa pindo. Nje ya maduka hapo huwa kuna mafundi na vyerehani vyao, wanakukatia na kukupigia pindo ukisubiri, kwa pesa kidogo tu.

Duka la Kona (Unguja)

Mie nina duka Gizenga, na nimesoma yote kwa utulivu. Mwana wa Mkunazini, kodi ya mlango mmoja Mji Mkongwe unaijua wewe, na ukijua usingesema hivyo! Kwenye Tingatinga nakubali, asili ni Dar. Lakini wachoraji wapo hapa pia, wamekaa barazani wanachora. Bibie akitaka picha ya sebuleni, amtafute aliyeshika brashi, amwambie ukubwa na rangi anazotaka. Zile zilizorundikwa mia sura moja, tembo watatu na jua jekundu, aziache.

Namna ya kununua kwetu: usiulize bei ya kitu usichokitaka, maana ukishaulizwa "wewe unatoa ngapi" umeshaingia. Njoo asubuhi, muuzaji anataka kufungua biashara na hapendi mteja wa kwanza atoke mikono mitupu. Chukua vitu vitatu duka moja, usichukue kimoja kimoja maduka matatu. Wakati wa masika, Aprili na Mei, mtaa hauna wateja, bei tunazikata wenyewe. Julai na Agosti usitegemee huruma.

Na usiingie dukani na papasi, wale vijana wanaowaandama wageni mitaani. Hata akikwambia anakusindikiza tu. Kamisheni yake iko ndani ya bei yako, na mimi sina njia ya kuikwepa kwa sababu atarudi jioni kuidai.

Fundi Charahani (Unguja)

Naongelea gauni, hayo mengine mmeshayasema.

Maduka ya mitindo ya Mji Mkongwe hayalingani. Yako ya wabunifu wenyewe, kama la Doreen Mashika pale Hurumzi, unalipia ubunifu na ushonaji, na ukivaa nguo unaona tofauti begani na kiunoni. Halafu yako yanayonunua magauni ya jumla, wakabandika lebo ya kisiwani na bei ya hotelini. Ukitaka kujua uko wapi, ligeuze gauni ndani nje. Tazama mshono wa ubavuni: umefungwa kingo au nyuzi zinaning'inia? Mauwa ya kitambaa yamekutana kwenye mshono au yamekatika katikati ya kifua? Pindo la chini lina nafasi ya kushusha au limekunjwa nusu inchi? Kanga ni pamba nyepesi. Gauni la kanga lisilo na bitana litakuonyesha maungo ukisimama mlangoni kwenye jua, na watu wa Dodoma sijui watasemaje.

Kwa bajeti yako, gauni moja la mbunifu laweza kumeza zaidi ya nusu. Njia nyingine: siku ya kwanza mchana nunua kitenge au pamba nzuri Mchangani, mpelekee fundi pamoja na gauni lako linalokukaa vizuri awe na kipimo. Siku ya pili jioni unajaribu, ya tatu unachukua. Usimpe siku ya kuondoka. Sisi mafundi tunajuana 😅

Ukiamua duka la bei ya kubandika, uliza mambo mawili kabla hujatoa kadi: wanaongeza asilimia ngapi ukilipa kwa kadi, na bei ya shilingi ni ipi. Tangu Machi 2025 nchini kuna kanuni zinazokataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni, kwa hiyo kuulizia shilingi si ubishi.

Karafuu Kavu (Pemba)

Viungo mmevipita mbio. Ndicho kitu wageni wanachopigwa zaidi, na wageni hao ni pamoja na ndugu zetu wa bara.

Vile vikapu vidogo vilivyofungwa karatasi ya plastiki, vyenye vijipakiti kumi na mbili na jina limeandikwa kila kimoja, ni vya kupendeza mezani. Ukipika, pilau haina habari. Vimekaa juani miezi. Nunua vya kupimwa, ndani ya Darajani, kutoka kwenye magunia anakonunua mpishi wa shughuli. Ukienda kwenye mashamba ya viungo, Kizimbani au Kidichi, bei inakuwa juu kidogo lakini unaona mti wenyewe, na gome la mdalasini unabanduliwa mbele yako.

Karafuu ijaribu kwa ukucha: bonyeza kichwa na shina lake, iliyo hai inatoa mafuta na harufu inakaa kidoleni. Au itie ndani ya glasi ya maji. Nzuri huzama au husimama wima, iliyokwisha kukamuliwa mafuta hulala juu. Pakiti ya nyumbani haina tabu, ila asikuuzie mtu magunia ya "bei ya shamba". Ununuzi wa karafuu kwa wakulima ni kazi ya ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na magendo ya karafuu hapa si jambo la mzaha.

Zafarani sasa. Unguja hapalimwi zafarani, wala Pemba. Ya kweli inatoka Iran na Kashmir, na ni ghali popote duniani. Ukiuziwa kopo zima kwa bei ya soda, hayo ni maua mengine. Tia nyuzi mbili tatu kwenye maziwa ya uvuguvugu. Ya kweli inatoa rangi taratibu na uzi unabaki mwekundu. Ya uongo inamwaga rangi papo hapo na uzi unakuwa mweupe kama umechoka.

Binti Kongwa

Nimeandika kila kitu, asanteni sana. Fundi Charahani umenichekesha na kunitisha. Kuhusu kofia ya baba mkwe, nitajuaje imeshonwa kwa mkono? Mzee ni mtu wa kukagua.

Mwana wa Mkunazini

Kama ni mkaguzi usimpelekee ya mashine, ataijua kabla hujaketi.

Kofia ina vipande viwili, kitumba cha juu na mshazari wa kuzunguka. Igeuze. Ya mkono, kila kitobo kimezungushiwa uzi peke yake, na ndani ni safi karibu sawa na nje. Ya mashine uzi unasafiri kutoka ua hadi ua, na ndani unaona njia zake. Ya mkono pia vitobo havifanani kabisa, kuna kimoja kimelegea kidogo, kingine kimebanwa. Wanaozishona wengi ni wanawake majumbani, baada ya kazi nyingine, na moja nzuri inaweza kuchukua miezi. Ndiyo maana bei inaanzia makumi ya maelfu na zile za kiua kilichosongamana zinavuka laki. Ya elfu kumi ni ya mashine, hata akiapa.

Pima kichwa cha mzee kwa uzi kabla hujatoka Dodoma. Kofia ikibana haina dawa.

Leso Mbili

Akikosa Unguja, Lamu kofia zao pia ni za kutisha kwa uzuri. Ila hiyo ni safari nyingine.

Mlinda Mwamba (Jambiani)

Ufukweni msiupuuze wote. Mkija Paje tazameni bidhaa za mwani: sabuni, mafuta, skrabu. Wakulima ni kina mama wa huku huku kwetu, mnawaona maji yakitoka wakiwa na kamba na vigingi vyao. Kituo cha mwani kipo Paje, mnaonyeshwa kazi kuanzia baharini hadi kwenye kipande cha sabuni. Mkoba wa ukili nao ununue vijijini ukimkuta msusi mwenyewe barazani.

Makombe na magamba ya kasa msiguse, hata mkipewa bure. Kasa analindwa kwa sheria na mtaadhirika bandarini. Na mje na mifuko yenu ya nguo, mifuko ya plastiki Zanzibar ilipigwa marufuku tangu 2006, kabla ya bara.

Binti Kongwa

Basi nimepanga hivi. Siku ya kwanza Mchangani: kanga doti tatu, na kitambaa kwa fundi. Kofia kwa mshonaji, hapo sibani pesa. Viungo vya kupima Darajani. Sabuni Paje. Picha ya sebuleni nitamtafuta mwenye brashi, nikimkosa nitasimama Mwenge wakati wa kurudi. Shangani nitapita kuangalia mishono ya watu, hakuna kodi ya kutazama. Tunafika Ijumaa asubuhi.

Duka la Kona

Ijumaa mchana maduka mengi yanafungwa kwa sala, hasa kuanzia saa sita hivi. Ukishuka kwenye boti nunua kitambaa kwanza ukipeleke kwa fundi, kula urojo, halafu endelea alasiri.

Binti Kongwa

Asante. Fundi Charahani, nirushie namba yako basi?

Fundi Charahani

Namba siweki hapa, bibie. Ukishanunua kitambaa Mchangani, muulize muuzaji nguo zake yeye anashonewa na nani.