Bledi za kaboni: zinafidia mguu uliokatwa au zinaongeza?

Chumvi_ya_Uwanja:
Wakuu, naomba ufafanuzi. Markus Rehm wa Ujerumani, aliyekatwa mguu wa kulia chini ya goti na anayetumia bledi, yaani mguu bandia wa michezo wa kaboni, aliruka mita 8.72 kwenye mruko mrefu mwaka 2023. Dhahabu ya Olimpiki Paris 2024 ilipatikana kwa 8.48. Mbona yeye hapewi nafasi, na Oscar Pistorius wa Afrika Kusini, asiye na miguu yote miwili, alikimbia Olimpiki ya London 2012?

Kocha Mbio Fupi:
Ni kesi mbili tofauti. IAAF, shirikisho la riadha duniani, ilimzuia Pistorius Januari 2008 kwa vipimo vilivyofanywa Cologne, Ujerumani, vilivyoonyesha bledi inapoteza nishati kidogo sana kuliko kifundo cha mguu wa kawaida. Mei mwaka huohuo mahakama ya usuluhishi wa michezo, CAS, ikafuta marufuku hayo: alipimwa akiwa kasi yake imeshakolea, kwenye mstari ulionyooka. Kutoka kwenye vitalu vya kuanzia mbio hakukupimwa, na hapo ndipo bledi inapomrudisha mtu nyuma. Haina misuli, inarudisha tu nguvu uliyoikandamizia.

Rehm anakanyaga ubao wa kurukia kwa mguu wa bandia wenyewe. Uchunguzi wa 2016 ulikuta kwamba mguu huo unampunguzia kasi ya kuujia ubao, ila unaunufaisha mruko. Jumla yake haikuweza kuthibitishwa, na kanuni ya 2015 ilimtaka mwanariadha ndiye athibitishe. Akakwama hapo.

Fundi Viungo Bandia:
Kocha, mzigo huo wa ushahidi CAS iliuondoa Oktoba 2020 kwenye kesi ya Blake Leeper, mkimbiaji wa Marekani asiye na miguu yote miwili. Hata hivyo Leeper alishindwa, kwa sababu ya urefu.

Mtu asiye na miguu yote miwili hana mguu wa kulinganishia, kwa hiyo urefu wake unakadiriwa kwa kumpima akiwa ameketi, kisha paja, mkono wa juu na kigasha. Kanuni ya hesabu inatoa kikomo cha kusimama akiwa amevaa bledi za mashindano. Leeper alikizidi kwa takriban sentimita 15. Bledi ndefu inarefusha hatua, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko muundi na wayo, kuirusha mbele hakumchoshi kama mguu wa nyama. Mawakili wake walidai hesabu hiyo haikujengwa kwa vipimo vya watu wenye asili ya Afrika. CAS ilikataa hoja hiyo. Kwangu bado ni hoja nzito, maana uwiano wa kiwiliwili na miguu hautofautiani kwa mtu mmoja mmoja tu, hutofautiana hata kati ya jamii na jamii.

Aliyekatwa mguu mmoja hana mwanya huo. Ukimrefushia bledi, nyonga inainama, hatua zinapishana, mgongo unaanza kuuma. Ndiyo maana mita 200 za Paralimpiki London 2012, Alan Oliveira wa Brazil, naye asiye na miguu yote miwili, alipomshinda Pistorius kwa sekunde 21.45 dhidi ya 21.52, ugomvi ulikuwa wa urefu wa bledi. Mwaka 2018 kikomo kikashushwa.

Chumvi_ya_Uwanja:
Kwa hiyo kikomo cha urefu hakimsaidii Rehm hata kidogo?

Fundi Viungo Bandia:
Hakimsaidii. Kwake swali ni ugumu wa bledi na nishati inayorudi akiwa ubaoni. Kipimo cha haki ni bamba la kupima nguvu ya mkanyago chini ya ubao pamoja na kasi ya mita tano za mwisho, kisha alinganishwe na warukaji wanaofika ubaoni kwa kasi hiyohiyo.