MREJESHO: Hema la kujaza upepo la karavani, Malindi

Wadau, niliuliza hema lipi la kujaza upepo lifae ubavuni mwa karavani yetu (kijumba cha kuvutwa na gari) huku ufukweni Malindi: la nguzo zilizoungana, zinazojazwa kupitia valvu moja, au la nguzo zenye valvu kila moja. Ahsanteni sana mlionijibu.

Nilichukua la valvu mbalimbali. Wallahi mlisema kweli: nguzo ya pembeni ilivuja usiku, zingine zikalishikilia paa mpaka asubuhi. Kupima kimo toka ardhini hadi kwenye reli ya karavani (mfereji wa ubavuni ambamo ukingo wa hema huingizwa) kabla ya kununua kulisaidia pia, likaingia bila makunyanzi.

Ndugu wa Lamu aliyesema nipunguze upepo kidogo kabla jua halijawa kali, Mungu akubariki. Hewa hutanuka kwa joto, na nguzo hukaza mno.

Vigingi virefu vya chuma ndivyo vilivyoshindwa. Kusi ilipovuma viling'oka kwenye ule mchanga mkavu. Tukazika viroba vya mchanga, kamba tukazifunga humo, vimeshika. Ukuta wa upande wa bahari bado unapigapiga, kwa hiyo upepo ukizidi tunauvua.