Bimkubwa kapitisha sindano ya sukari ya wiki, achome mbili?

KoroshoGhafi: Wakuu habari za jioni, mwenye uelewa anisaidie. Bimkubwa yupo hapa Mtwara ana sukari na uzito umemzidi, dokta kamuanzishia Ozempic, anachoma kila Ijumaa. Ijumaa iliyopita tulikuwa msibani Newala ikapita, leo Jumanne ndo kakumbuka anataka achome mbili kwa mpigo eti kufidia, nimemzuia kwanza. Halafu peni anaiweka juu ya kabati, friji ipo ila umeme wa huku mnaujua.

Mama_Shangani: Weee asithubutu mbili! Hiyo dawa haitoki mwilini haraka, hata wiki ikiisha karibu nusu yake bado imo, mkirundika atatapika mpaka nyongo. Zikiwa hazijapita siku 5 anachoma moja tu akikumbuka, kwa hiyo leo moja, na Ijumaa anaendelea kama kawaida maana kati ya sindano mbili kinachotakiwa ni zaidi ya masaa 48. Zikipita 5 iache, asubiri siku yake. Mounjaro, ile sindano nyingine ya wiki, yenyewe ni siku 4, msichanganye.

MdauMikindani: Mi naona kabati ndo tatizo kubwa zaidi. Peni mpya inakaa friji, nyuzi 2 mpaka 8, ikishaanza kutumika inaweza kukaa nje ila isizidi nyuzi 30, sasa nyumba ya bati Mtwara mwezi wa 12 hiyo 30 si inapitwa asubuhi tu. Umeme ukikata iacheni humohumo msifungue fungue mlango, na isigusane na barafu, ikiganda ni ya kutupa. Siku 56 tangu ifunguliwe basi, hata kama imebaki. Andika tarehe ya kufungua kwa maka peni kwenye boksi, na kwenye kalenda ya ukutani weka tarehe, dozi na alipochoma, leo tumbo wiki ijayo paja.

KoroshoGhafi: Asanteni sana. Yupo kwenye dozi ya 0.25 mg bado. Na Daonil, vile vidonge vya sukari, anameza asubuhi, kuna shida?

Mama_Shangani: Hiyo 0.25 ni ya kuzoesha mwili wiki 4 tu, kupanda 0.5 dokta ndo aseme. Kuhusu Daonil mpigieni dokta leoleo, maana ikikutana na sindano na mtu hali chakula sababu ya kichefuchefu, sukari inashuka anaanza kutetemeka na kutoka jasho. Mpimeni asubuhi kabla hajala, muandike hapohapo kwenye kalenda. Akiumwa tumbo kali mpaka mgongoni, hospitali hapohapo, msisubiri siku ya kliniki.