Tupeane uzoefu: waranti na huduma ya wakala kwenye baiskeli za umeme za bei kali

Habari zenu wakuu. Ninazo mbili: moja ya bei kali niliyoichukua kwa wakala, nyingine ya bei ya chini niliyoiagiza ikaja kwenye boksi. Ile ya wakala, mwezi wa 14 mota ilianza kukata kila nikipanda mlima. Wakala akachomeka kompyuta, akasoma hitilafu, akatuma taarifa kiwandani. Wakabadilisha mota nzima, sikutoa kitu. Ila nilikaa wiki tano natembea kwa miguu. Ya boksi ilikufa kontrola, kile kifaa kinachoongoza umeme wa mota. Muuzaji akasema niirudishe kwa gharama yangu, nikaona heri ninunue kontrola nyingine; fundi wa kawaida akaifunga kwa saa moja. Sasa ile hela ya ziada nililipia nini hasa? Mliowahi kudai waranti, ilikuwaje?

Mchangiaji 1: Kwangu ilikuwa betri, na waranti haikunisaidia. Wengi tunasoma "miaka 2" tunaishia hapo. Bosch, watengenezaji wa mota na betri, kwa mfano, wameandika miaka 2 au mizunguko 500 ya kuchaji kamili, kinachotangulia. Yangu ni ya kampuni nyingine. Niliiacha tupu miezi mingi, seli zikashuka kupita kiasi, betri ikajifunga yenyewe. Dai likakataliwa. Iliniuma sana, lakini kijitabu kilisema. Siku hizi nikiiweka muda mrefu naiacha ikiwa na chaji kama nusu.

Mchangiaji 2: Nilinunua mkononi kwa mtu, fremu ina "waranti ya maisha". Ilipopasuka ndipo nikaambiwa waranti hiyo ni ya mnunuzi wa kwanza tu. Ulizeni kabla ya kutoa hela.

Mchangiaji 3: Mimi ni fundi. Vinavyoniletea wateja kila siku ni mnyororo, pedi za breki, tairi na spoki za nyuma. Hivyo huhesabika kuwa vya kuchakaa, waranti haivigusi, na mota ya katikati, ile inayokaa kwenye pedali, inakula mnyororo kwelikweli. Kinachonisumbua zaidi ni baiskeli ambayo kila spea yake ni ya kampuni yenyewe. VanMoof, kampuni ya baiskeli za umeme ya Uholanzi, ilifilisika Julai 2023. Kampuni nyingine iliinunua baadaye, lakini kuna wenye baiskeli waliokwama bila spea wala pa kuzipeleka. Waranti ni ahadi ya mtu, akiondoka imeondoka naye. Kwa hiyo mimi natazama kwanza: kuna mtu wa karibu mwenye kifaa cha kusoma mota hiyo? Kama hayupo, usilipie jina.

Mchangiaji 4: Nipingane kidogo. Wakala wangu alinikazia spoki na kunisasishia programu ya mota bila malipo mwaka mzima. Mimi sijui kushika spana, kwangu huduma hiyo ndiyo baiskeli yenyewe.

Mwanzisha mada: Asanteni. Mchangiaji 3, swali lako nilipaswa kujiuliza kabla ya kununua. Wangu yupo, ila ni mmoja tu, ndiyo maana ya zile wiki tano. Na Mchangiaji 1 umenishtua, nimetoka kuangalia risiti sasa hivi: waranti ya betri imebakiza miezi 4. Kesho naipeleka ikapimwe, na majibu nitayadai kwa maandishi.