Mrejesho: intavyuu ya viza ya mwenza ubalozi wa Marekani, Dar

Wakuu mimi ni yule dada wa Mikindani niliyeuliza kama ndoa yetu ya msikitini bila sherehe ya ukumbini itakubalika kwenye viza ya mwenza. Nimepita jamani, alhamdulillah!

Simu huingii nayo, mi nilimwachia binamu nje. Alama za vidole, kiapo mkono juu, ndo maswali. Habari za ukumbi afisa hata hakugusa, alitaka cheti cha ndoa cha RITA (wale wakala wa serikali wa usajili), mlijuanaje, mume anafanya kazi gani, akaokota picha moja tumekaa mkekani na bibi anabangua korosho akauliza huyu nani nikamwambia ndo alonilea, akacheka. Ila ile fomu ya I-864 ya mume, ya kuahidi kwamba atanitunza kifedha, na karatasi zake za kodi alizikagua kuliko alivyonikagua mimi.

Pasi wamebaki nayo. Kwa vile ndoa haijafika miaka 2 nikiingia kule napewa kadi ya ukaazi (green card) yenye masharti, ya miaka 2, kuyaondoa tunaomba wote wawili ndani ya siku 90 kabla haijaisha.

Na nyie mlonishauri nikodi shela tukapige picha za uongo, Mungu anawaona 😂