Naomba msaada: picha za vitu vilivyotupwa, mbona zinatoka kama matangazo ya dukani?

mwanagenzi_lenzi

Wakuu, habari zenu. Nasoma upigaji picha. Mradi wa mwisho wa muhula ni picha 8 za kuchapwa, na mada niliyochagua ni vitu vya kila siku vilivyokwisha kutupwa. Nimekusanya makopo yaliyokanyagwa, vizibo vya chupa, vijiko vya plastiki angavu vilivyovunjika, miswaki mikuukuu na vipande vya nyaya. Vifaa: kamera ya megapikseli 24 yenye lenzi ya 18-55, tripodi, taa mbili za mezani za LED. Sina flashi wala lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu.

Shida ni tatu. Nikipiga kwenye karatasi nyeupe karibu na dirisha, kopo linatoka laini, safi, kama linauzwa. Sehemu ya bati inayong'aa inanionyesha mimi na tripodi yangu. Na vijiko vya plastiki havionekani kabisa, vinamezwa na ule weupe. Nimeongeza kontrasti kwenye kompyuta mpaka nimechoka. Nianzie wapi?

---

taa_moja

Mkuu, kilichokuponza ni karatasi nyeupe na mwanga mpana wa dirisha. Hiyo ni mipangilio ya kuuzia bidhaa, kazi yake ni kufuta makovu, na kwenye kopo lililokanyagwa makovu ndiyo picha yenyewe. Kontrasti ya kompyuta haiwezi kurudisha kivuli ambacho hakikuwepo wakati wa kupiga.

Funga pazia, zima taa ya dari, bakiza taa moja ya mezani. Ishushe mpaka ikaribie usawa wa meza ili mwanga ulipitie kopo kwa mshazari, digrii 10 hadi 15 hivi. Hapo kila bonde la bati linatupa kivuli chake, na ule mkunjo mdogo uliokuwa hauonekani unageuka ufa mrefu mweusi. Upande wa pili simamisha kipande cha kadi nyeupe, ukubwa wa daftari, mbali kidogo. Ukiisogeza karibu mno vivuli vinajaa na unarudi pale pale dukani. Anza na sentimita 40, kisha sogeza kidogo kidogo huku ukitazama skrini ya kamera.

Chini weka kitu cha kijivu au cheusi kisichong'aa: kadi, kitambaa kilichonyooshwa, hata upande wa nyuma wa zulia. Kopo lisikae katikati ya eneo tupu lililonyooka kama bidhaa kwenye rafu.

Lenzi ivute hadi 55. Ukipiga kwa 18 ukiwa karibu, sehemu ya mbele inavimba na ya nyuma inakimbia, kopo linakuwa kibonzo. Weka wepesi wa kihisi ISO 100, tundu la lenzi f/11, muda wa shata uwe mrefu unavyotaka, mara nyingi ni kati ya robo sekunde na sekunde nzima, na utumie saa ya kuchelewesha ya sekunde 2. Kama lenzi ina kizuia mtikisiko, kizime ikiwa juu ya tripodi. Usikimbilie f/22 kwa kutafuta fokasi ndefu, maana kwa lenzi hiyo picha nzima inalegea. Afadhali upige f/8 mara tano au sita, kila mara ukisogeza fokasi kidogo kutoka mbele kwenda nyuma, halafu uziunganishe kwenye programu. Na taa mbili za LED za aina tofauti usizichanganye: moja hutoka na rangi ya njano, nyingine ya kijani, na hakuna mizani ya rangi nyeupe itakayozipatanisha zote mbili.

Sasa bati. Chuma kinachong'aa ni kioo, kwa hiyo panga kile kinachotazamana nacho. Kata kadi nyeusi kubwa, itoboe tundu la ukubwa wa lenzi, pigia hapo: wewe na tripodi mnapotea. Halafu kati ya taa na kopo simamisha karatasi nyembamba ya kunakilia ramani, ile inayopitisha mwanga, sentimita 20 kutoka kwenye kopo. Bati sasa linaakisi karatasi inayong'aa, na utapata utepe mpana mweupe mahali palipokuwa na kinukta kikali. Ukiona ukingo wa kopo unayeyuka kwenye mandhari, weka ukanda mwembamba wa kadi nyeusi pembeni, nje kidogo ya fremu, na ukingo utajichora wenyewe. Ukishalainisha taa namna hiyo, mabonde nayo yanapungua makali, kwa hiyo karatasi iwe nyembamba na ndogo. Watu huweka shuka zima halafu wanashangaa.

Filta ya polaraiza, ile inayopitisha mwanga unaotikisika kwa uelekeo mmoja tu, haitakusaidia kwenye bati tupu. Inapunguza mng'ao wa rangi iliyopakwa na wa plastiki, ila mwako wa chuma chenyewe inauacha kama ulivyo.

Kwa kuwa unapenda vitu vya kutupwa: pilipili hoho maarufu ya mpiga picha Edward Weston ya mwaka 1930 iliwekwa ndani ya faneli ya bati. Ule mwanga unaoizunguka unatokana na kuta za faneli. Tafuta faneli iliyotobokatoboka, uitumie kama studio.

---

kioo_bapa

Naongezea kwa vizibo, nyaya na miswaki: achana na kamera, tafuta skana ya mezani ya zamani. Nyingi zimetupwa kwa sababu tu hakuna aliyepata programu ya kuiendesha kwenye kompyuta mpya, kioo na taa yake viko salama.

Ila si kila skana inafaa. Kuna zenye kihisi cha CCD, nene, zinahitaji plagi yake ya umeme, na kuna nyembamba za CIS zinazojiendesha kwa waya wa USB. Za CIS zinaona kilichogusa kioo tu, kizibo kikinyanyuka milimita chache kinakuwa ukungu. Za CCD zina kioo na lenzi ndani, zinafikia sentimita moja au mbili juu ya kioo. Unene wa boksi unatosha kukuambia ni ipi.

Tandika filamu ya plastiki angavu juu ya kioo kwanza, kizibo cha chuma kikiburuzwa mara moja tu kinaacha mchirizi utakaotokea kwenye kila skani. Panga vitu uso chini. Acha kifuniko wazi, zima taa za chumba: mandhari yanatoka meusi kabisa bila kazi yoyote. Zima marekebisho ya kujiendesha, yaani kunoa, kuondoa vumbi na kupanga rangi. Programu huona kutu kama kasoro na kuifuta.

Hesabu ya ukubwa: kizibo cha sentimita 3 kwa 600 dpi (nukta kwa kila inchi) kinakupa pikseli kama 700 tu, chapa ya sentimita 6 kwa 300 dpi. Kwa 2400 dpi unapata kama 2,800, yaani sentimita 24. Angalia uwezo halisi wa kihisi. Ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni pikseli za kubuni.

Kinachoharibu zaidi ni mtetemo. Skani ya 2400 huchukua dakika kadhaa, na waya wenye mkunjo hujinyoosha polepole wakati huo, kwa hiyo picha inatoka na mawimbi. Ushike waya kwa tone la udongo wa kuchezea mahali ambapo skana haioni. Na mwanga wa skana unatoka upande mmoja, kwa hiyo kizungushe kizibo robo duara, skani tena, utapata kovu jingine kabisa.

---

rangi_za_mkazo

Vijiko vya plastiki angavu mniachie mimi. Usihangaike kuvionyesha kwa mwanga wa kawaida, vina picha nyingine ndani.

Skrini ya LCD ya kompyuta inatoa mwanga uliopolaraiziwa tayari. Fungua ukurasa mweupe ujaze skrini, mwanga mpaka mwisho, chumba giza. Ning'iniza kijiko kwa uzi mwembamba sentimita 20 hadi 30 mbele ya skrini. Weka filta ya polaraiza kwenye lenzi, izungushe mpaka skrini iwe nyeusi. Kijiko hakitakuwa cheusi. Kitawaka bendi za rangi, waridi, kijani, buluu, njano, zimebanana pale plastiki ilipoingilia kwenye kalibu na pale ilipovunjikia. Plastiki ilimiminwa ya moto ikapoa haraka, mkazo ukagandia ndani. Kila bendi ni kipimo cha mkazo huo pamoja na unene wa plastiki.

Kijiko kikining'inia kufuata uelekeo wa filta, rangi zinafifia. Kiinamishe digrii 45, zinawaka. Usiweke karatasi ya kulainisha mwanga kati ya skrini na kijiko, kwa sababu karatasi inavuruga polaraizisheni na kila kitu kinakufa. Mwanga uupange mwenyewe, usiiachie kamera: ikiona weusi mwingi inaongeza mwanga na rangi zinapauka. Anza na ISO 100, f/8, sekunde 1. Vumbi litaonekana kama nyota, ama ulipulize ama uamue ni sehemu ya kazi.

Vitu vinavyojibu vizuri: vijiko, vifuniko vya kaseti na CD, rula, vikombe vigumu vya plastiki. Kioo cha kawaida hakionyeshi kitu.

---

mwanagenzi_lenzi

Asanteni sana wakuu. Taa ya chini imenifumbua macho, kopo limekuwa kama milima. Ila kwa @rangi_za_mkazo nimekwama. Lenzi yangu haina nafasi ya kuingia filta niliyoazima, ni kubwa, kwa hiyo naishika kwa mkono mbele ya lenzi. Nikizungusha, skrini haiwi nyeusi hata kidogo. Inabadilika tu kutoka unjano kwenda ubuluu. Skrini ni LCD, nimehakikisha.

---

rangi_za_mkazo

Umeishika kinyume. Filta nyingi za kamera ni za duara, kwa maana ya jinsi zinavyopolaraizi, sio umbo. Zina matabaka mawili: la mbele linachuja, la nyuma linavuruga mwanga tena ili vipimo vya kamera visichanganyikiwe. Ukiigeuza, mwanga wa skrini unakutana na tabaka la kuvuruga kwanza, na kuchuja kunashindikana. Matokeo ni hayo ya unjano na ubuluu. Upande wenye nyuzi za kufungia ukabili lenzi, upande mwingine ukabili skrini. Itakuwa nyeusi papo hapo.

Ukikosa filta kabisa, kalkuleta iliyokufa ina tabaka la kupolaraizi juu ya kioo cha namba zake. Libandue la mbele polepole kwa ncha ya wembe, futa gundi kwa spiriti, libandike mbele ya lenzi ya simu. Ni dogo, lakini kwa simu linatosha.

---

mchapaji

Nimesoma yote, mbinu ni nzuri, ila sijaona aliyegusa namba 8. Makopo kwa taa ya mshazari, vizibo kwa skana, vijiko kwa polaraiza: ukitundika vyote ukutani utakuwa na maonyesho ya mbinu tatu. Chagua kundi moja. Mimi ningechagua vizibo au vijiko, kwa sababu ni vidogo, na kitu kidogo kikichapwa kikubwa mtazamaji analazimika kukisoma upya. Mpiga picha Irving Penn alifanya hivyo kwa vipande vya sigara alivyopiga mwaka 1972: vishungi vilivyosagika, vichache kwa fremu, mandhari matupu, chapa kubwa za platinamu na paladiamu, na MoMA, jumba la sanaa za kisasa la New York, ikazionyesha mwaka 1975. Hakuongeza chochote cha kuhurumia sigara.

Faili la megapikseli 24 linakupa sentimita 50 kwa 33 kwa 300 dpi, hata 180 dpi ukutani haina shida. Vitu vyote 8 viwe na ukubwa ule ule kwenye fremu na taa kutoka upande ule ule, kushoto ikiwa kushoto. Weka alama za tepu mezani kwa miguu ya tripodi na taa, maana picha ya pili inaweza kupigwa wiki tatu baada ya ya kwanza. Chapa kipande cha majaribio kwanza: ukanda wa sentimita 10 kutoka sehemu yenye giza zaidi, kwa karatasi ile ile ya mwisho. Weusi unaoonekana na maelezo kwenye skrini huzama kwenye karatasi isiyong'aa, utahitaji kuinua vivuli kidogo.

Na mkononi vaa glavu. Betri iliyovimba, kopo la kupulizia lenye gesi, taa za mirija, vyote viache. Mirija ina zebaki.

---

mwanagenzi_lenzi

Imekuwa nyeusi mkuu! Na kijiko kimewaka hasa pale kilipokatikia. Basi nimeamua, ni vijiko 8. Swali la mwisho: vina uchafu uliogandia, nivioshe?

---

taa_moja

Piga kwanza kimoja kikiwa na uchafu na kingine kikiwa kimeoshwa, uvilinganishe katika ukubwa wa kuchapa. Kwa picha za mkazo nahisi utaosha, kwa sababu mafuta yanafunika bendi. Maji ya vuguvugu na sabuni, bila kusugua, na usitumie asetoni wala tina, vijiko vya aina hiyo vinapata utando mweupe hapo hapo. Vikaushe kwa kuvining'iniza. Ukivifuta kwa kitambaa vinavuta vumbi lote la chumba.

---

rangi_za_mkazo

Na maji ya moto pia hapana. Joto linalegeza mkazo uliogandia ndani, rangi zinapungua na hazirudi.